Dawa za Miti na Dawa za Kuzuia Damu Kuganda: Somo kwa Kaya za Karagwe na Kyerwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mgonjwa mmoja mara nyingi huhudumiwa na mikono miwili. Vidonge vya hospitali hukaa kabatini pamoja na kadi ya kliniki, na chupa ya majani yaliyochemshwa hukaa jikoni. Kwa maradhi mengi, mchanganyiko huo hupita bila madhara yanayoonekana. Kwa mgonjwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na hasa warfarini, mchanganyiko huohuo unaweza kumtoa damu ndani ya kichwa au kumwachia bonge la damu kwenye valvu ya moyo, na yeye asijue chanzo ni nini.

Somo hili linaeleza namna warfarini inavyofanya kazi, namna mimea na vyakula vinavyoigusa, na mambo ambayo mgonjwa, familia yake na mganga wa tiba asili wanapaswa kuyafanya. Halikusudii kuitweza tiba asili. Msingi wake ni kwamba mti wenye uwezo wa kutibu una nguvu mwilini, na kila chenye nguvu mwilini lazima kitajwe mbele ya mhudumu wa afya.

Warfarini hutumiwa na nani

Watu wengi huiita warfarini dawa ya "kuyeyusha damu" au "kulainisha damu". Jina hilo linapotosha, kwa kuwa damu ya mgonjwa haiwi nyepesi kama maji. Kinachobadilika ni muda ambao damu huchukua kuganda. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K. Warfarini huzuia mwili usiitumie vitamini hiyo ipasavyo, hivyo protini hizo hupungua na damu hukawia kuganda.

Wanaopewa dawa hii ni wagonjwa ambao damu yao ikiganda mahali pasipofaa inaweza kuwaua. Kundi la kwanza ni waliowekewa valvu za moyo za chuma. Hao huitumia maisha yao yote. Wengi wa kundi hili, katika ukanda wote wa Afrika Mashariki, waliharibikiwa na valvu kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa ipasavyo. Kundi la pili ni wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo husababisha damu kutuama ndani ya moyo, kuganda, kisha bonge kusafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kundi la tatu ni waliopata bonge la damu kwenye mshipa wa mguu au kwenye mapafu. Wengi wao huitumia kwa miezi kadhaa.

Mgonjwa wa namna hii huanzishiwa dawa katika hospitali kubwa, kama vile Bugando mjini Mwanza au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, kisha hurudi kijijini kwake Kaisho, Nkwenda, Nyaishozi au Bweranyange. Daktari aliyemwanzishia dawa hubaki mbali. Wanaobaki karibu naye ni familia, zahanati ya kijiji, duka la dawa muhimu na mganga wa tiba asili. Usalama wake wa kila siku umo mikononi mwa hao wanne.

Dawa iliyotokana na majani

Wapo wanaodhani kuwa dawa ya hospitali ni kemikali tupu na dawa ya mti ni chakula tu. Historia ya warfarini inaonyesha vinginevyo, na wafugaji wa Karagwe wataielewa upesi.

Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kutokwa damu. Ng'ombe aliyekatwa pembe au kuhasiwa alivuja damu hadi kufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa wanyama hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya mmea wa jamii ya kunde uitwao klova tamu, yaliyoota ukungu ghalani. Februari 1933, mfugaji mmoja wa jimbo la Wisconsin, Ed Carlson, alisafiri katika baridi kali na kufika kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link akiwa na ndoo ya maziwa iliyojaa damu ya ng'ombe isiyoganda. Baada ya miaka kadhaa ya kazi, maabara hiyo ilikipata kiini kilichozalishwa na ukungu katika majani yale. Kutokana na kiini hicho ilitengenezwa warfarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 iliruhusiwa kutibu binadamu kwa dozi ndogo iliyopimwa kwa uangalifu.

Historia hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba majani yanaweza kubadili damu ya kiumbe hai kiasi cha kumuua. La pili ni kwamba kitu kilekile huwa sumu au dawa kulingana na kipimo. Warfarini ni miongoni mwa dawa ambazo nafasi kati ya dozi pungufu, dozi sahihi na dozi hatari ni nyembamba mno.

Namba moja ambayo kila familia iijue

Nafasi hiyo nyembamba hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Baadhi ya wenye valvu za chuma hutakiwa wawe juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Namba ikishuka chini ya kiwango, damu inaweza kuganda kwenye valvu au ndani ya moyo. Ikipanda juu ya 4 au 5, hatari ya kuvuja damu huongezeka haraka.

Mabadiliko hayaonekani siku ileile. Dozi iliyomezwa leo huanza kuonekana kwenye kipimo baada ya siku 2 au 3, na athari yake kamili huja baada ya takribani wiki moja. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza dawa ya mti Jumatatu, akajisikia vizuri Jumanne na Jumatano, akaamini kuwa haina madhara, kisha akaanza kutokwa damu wiki inayofuata.

Si kila zahanati ina kipimo hiki. Kutoka Kayanga hadi Bukoba, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ni zaidi ya kilomita 100, na anayetoka Murongo au Mabira hulipa nauli kubwa zaidi. Mgonjwa anayepima mara chache ana sababu kubwa zaidi ya kuepuka kubadilibadili anachokula na anachokunywa, kwa kuwa kosa lake litachelewa kugunduliwa.

Njia nne ambazo mti hukutana na kidonge

Njia ya kwanza ni vitamini K. Mimea yenye majani ya kijani iliyokolea ina vitamini hiyo kwa wingi. Mgonjwa akiongeza ghafla kiasi cha majani hayo, vitamini K huishinda warfarini, INR hushuka na damu huanza kuganda.

Njia ya pili ni chembe sahani. Hizi ni chembe ndogo za damu ambazo hukimbilia kwenye jeraha na kushikamana ili kuziba tundu. Baadhi ya mimea huzifanya zisishikamane vizuri. Mgonjwa ambaye protini zake za kugandisha zimepunguzwa na warfarini, na chembe sahani zake zimepunguziwa nguvu na mmea, hana ulinzi wa kutosha. Jambo la kuogofya ni kwamba INR haipimi chembe sahani. Karatasi ya maabara inaweza kuonyesha 2.5, namba nzuri kabisa, na mgonjwa akaendelea kutoka damu puani.

Njia ya tatu ni ini. Warfarini huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini kisha hutolewa mwilini. Mimea mingine huvifunga vimeng'enya hivyo, dawa ikarundikana na INR ikapanda. Mimea mingine huviamsha vifanye kazi kupita kiasi, dawa ikaondoka mapema na INR ikashuka.

Njia ya nne ni tumbo. Dawa za kuharisha na za kutapisha hupunguza vitamini K inayoingia mwilini, na INR hupanda. Hata homa yenyewe, pamoja na kukosa hamu ya kula kwa siku kadhaa, huweza kuipandisha. Mgonjwa wa warfarini aliyeshikwa na homa, ambaye hali chakula na anakunywa dawa chungu ya kusafisha tumbo, yumo katika hatari tatu kwa wakati mmoja.

Mimea na vinywaji vinavyotumika zaidi katika kaya

Elimu ya mimea katika mkoa wa Kagera ni pana. Watafiti wa tiba asili kutoka Muhimbili na wenzao waliandika orodha za mimea ya dawa inayotumika Bugabo na Katoro wilayani Bukoba, na Kikuku wilayani Muleba, na matokeo yao yalichapishwa kati ya 2009 na 2012. Ifuatayo ni mimea na vinywaji ambavyo mgonjwa wa warfarini hukutana navyo mara nyingi nyumbani, sokoni Omurushaka au kwa wauzaji wa dawa wanaotembea.

Mlonge. Unga wa majani yake huuzwa kama kirutubisho na kama dawa ya sukari na shinikizo la damu. Majani yake ni ya kijani iliyokolea na yana vitamini K nyingi. Kijiko kimoja au viwili vya unga mkavu kila asubuhi ni sawa na kuongeza lundo la mboga ambalo halikuwamo wakati daktari alipopanga dozi.

Kitunguu saumu. Punje moja au mbili ndani ya mchuzi hazina shida. Tatizo huanza pale kinapogeuzwa dawa: punje kadhaa mbichi zinazomezwa kila siku, juisi yake iliyochanganywa na asali, au vidonge vyake vya dukani. Kwa kiasi hicho hupunguza nguvu ya chembe sahani.

Tangawizi na manjano. Chai yenye tangawizi kidogo ni kinywaji cha kawaida. Vikombe vizito vya tangawizi iliyochemshwa mara kadhaa kwa siku, au manjano yanayolambwa kwa kijiko, ni dozi ya dawa. Wakati wa janga la UVIKO-19 watu wengi nchini walizoea mchanganyiko wa tangawizi, kitunguu saumu na limau, na wapo ambao hawakuuacha. Mgonjwa wa warfarini aliyebaki na mazoea hayo aueleze mchanganyiko huo kliniki.

Mubirizi, mwarobaini na shubiri. Majani machungu ya mubirizi hutumika kwa homa na maumivu ya tumbo. Mwarobaini hutumika kwa homa na magonjwa ya ngozi. Utomvu wa shubiri huharisha. Hakuna kipimo cha kikombe au kiganja kilichothibitishwa kuwa salama pamoja na warfarini kwa mimea hii. Shubiri ina hatari ya ziada kwa sababu ya kuharisha kulikoelezwa hapo juu.

Dawa za "kusafisha damu" na za "damu nzito". Hizi ndizo zinazomvutia zaidi mgonjwa wa warfarini, kwa kuwa jina lake linafanana na maradhi aliyoelezwa hospitalini. Nyingi huwa na mimea kadhaa ndani ya chupa moja, na mnunuzi hawezi kujua ni ipi. Mgonjwa ambaye damu yake tayari inacheleweshwa kuganda kwa kidonge hana sababu ya kuicheleweshea mara ya pili kwa chupa.

Dawa za pakiti kutoka nje ya nchi. Vidonge vya ginko huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Mizizi ya Kichina iitwayo danshen na dong quai imeripotiwa kupandisha INR. Kinyume chake, mmea wa Ulaya unaouzwa kwa ajili ya huzuni kwa jina la Mtakatifu Yohane huishusha, na ginsengi nayo imeripotiwa kuishusha. Pakiti yenye maandishi ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuyasoma isifunguliwe na mgonjwa huyu.

Rubisi na gongo. Unywaji wa kupindukia kwa siku moja hupandisha INR; unywaji mkubwa wa kila siku kwa miaka huharibu ini na kuvuruga dozi nzima. Mlevi pia huanguka, na pigo la kichwa kwa mgonjwa wa warfarini ni dharura hata pasipo jeraha la nje.

Mboga za majani na misimu ya mvua

Wagonjwa wengi wanaporudi kutoka hospitali kubwa husema kuwa wamekatazwa mboga za majani. Kwa kawaida ushauri unaotolewa ni mwingine: mgonjwa ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu na sukuma wiki vina vitamini K kwa wingi, lakini pia vina virutubisho ambavyo mwili unavihitaji. Mtu anayeacha mboga kabisa huufanya mwili wake uwe mwepesi kutikisika. Siku atakapokula sahani moja ya majani ya maboga kwenye msiba au harusi, INR yake itayumba zaidi ya ya yule anayekula mboga kidogo kila siku.

Kwa wakulima wa Karagwe na Kyerwa, kulinganisha huku kunakuwa kugumu kwa sababu ya misimu. Mvua za vuli na za masika zinapokolea, bustani hujaa, na mboga huliwa mchana na usiku. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinapofika, mboga hupungua na kaya hubaki na ndizi na maharage. Mgonjwa ambaye dozi yake ilipangwa mwezi wa Aprili, alipokuwa akila mboga kila siku, anaweza kuingia Julai na dozi ileile ikamzidi nguvu. Aliyepangiwa dozi wakati wa kiangazi, mvua zikirudi dozi yake inaweza kupungua nguvu.

Njia rahisi ni tatu. Kwanza, mgonjwa ajipangie kipimo cha mboga, kwa mfano bakuli dogo moja kwa siku, na akishike mwaka mzima. Pili, bustani ya kumwagilia karibu na nyumba imsaidie wakati wa kiangazi. Tatu, mabadiliko ya msimu yawe ukumbusho wa kwenda kupima INR. Ndizi, maharage, viazi na nyama havina vitamini K ya kutia wasiwasi. Parachichi liliwe kwa kiasi kilichozoeleka, bila kuongezwa ghafla msimu wake unapofurika.

Chale, chuku na dawa za dukani

Baadhi ya tiba hazinywewi. Kuchanja chale, kupiga chuku na kukata kimeo ni matendo yanayotoa damu. Kwa mtu mwenye damu inayoganda kwa kawaida, chale huacha kutoa damu baada ya muda mfupi. Kwa mgonjwa wa warfarini, damu inaweza kuendelea kutoka kwa saa nyingi, na ikiwa kimeo kimekatwa, damu huingia kooni. Matendo haya yasifanywe kwake hata kidogo. Kung'oa jino nako kusifanywe kabla mtaalamu hajaelezwa kuhusu dawa hii.

Hatari nyingine imo katika maduka ya dawa muhimu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa kwa maumivu ya mgongo na viungo, huongeza uvujaji wa damu na kuchubua tumbo. Metronidazoli na septrini hupandisha INR kwa kiasi kikubwa. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa dozi ya kawaida na kwa siku chache ndiyo hupendekezwa. Unga wa "dawa ya mgongo" usio na jina uepukwe, kwa kuwa baadhi ya unga wa aina hiyo katika nchi mbalimbali umekutwa umechanganywa kwa siri na dawa za maumivu za viwandani.

Wagonjwa wanaotumia aspirini ndogo au klopidogreli baada ya kiharusi wana tahadhari zilezile kuhusu kitunguu saumu na tangawizi vya dozi kubwa. Wapo pia waliopewa rivaroksabani, dawa mpya isiyohitaji INR na isiyovurugwa na mboga. Hao nao hawajasalimika na mimea inayogusa ini na chembe sahani.

Kuacha kidonge kimyakimya

Hatari haiko kwenye kuchanganya pekee. Mwaka 2011, maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kilichotolewa na Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Mjadala wa taifa ulihusu zaidi swali la iwapo kikombe kinaponya. Swali jingine halikupewa uzito wa kutosha: mgonjwa akishakunywa na kuamini amepona, vidonge vyake vinakuwaje? Katika siku zile iliripotiwa kuwa wapo walioondoka wodini na wapo walioacha dawa zao za kila siku.

Kwa warfarini, kuacha kuna gharama ya haraka. Nguvu ya dawa huisha mwilini kati ya siku 2 na 5. Baada ya hapo valvu ya chuma hubaki bila ulinzi, na bonge linaweza kuifunga au kwenda kwenye ubongo. Hakuna mti unaojulikana kuwa unaweza kuchukua nafasi ya warfarini kwa mwenye valvu ya chuma. Mganga anayempenda mgonjwa wake hatamwambia aache kidonge hicho.

Kadhalika, mgonjwa ambaye amekuwa akitumia dawa ya mti kwa miezi mingi asiikatishe ghafla kwa hofu baada ya kusoma somo hili. Yawezekana dozi yake ya warfarini ilipangwa mti huo ukiwa tayari mwilini, na kuukatisha kutaisogeza INR. Aende kliniki kwanza, aseme ukweli, apimwe, kisha aache kwa uangalizi.

Kuvunja ukimya

Wagonjwa hunyamaza kwa sababu zinazoeleweka. Wengine huogopa kukemewa. Wengine hawauhesabu mti kuwa dawa, hivyo wakiulizwa "Unatumia dawa gani nyingine?" hujibu kwa unyofu kabisa, "Hakuna." Mhudumu naye huenda ana foleni ndefu na hakuuliza zaidi. Swali likiulizwa kwa heshima na kwa majina ya vitu, jibu hubadilika. Mazungumzo ya mfano yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mbali na vidonge hivi, nyumbani unakunywa nini kingine? Mlonge, mubirizi, kitunguu saumu, au dawa yoyote ya kuchemsha?"

"Mlonge ndiyo, kila asubuhi. Sikujua kama nao unahesabika."

"Unahesabika mama. Umefanya vyema kuniambia. Tupime kwanza, tuone damu inasemaje."

Waganga wa tiba asili nao wana wajibu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inaitambua kazi yao na inataka wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mganga aanze kwa kumuuliza mgonjwa iwapo ana valvu ya chuma, iwapo alipata kiharusi au bonge la damu, na iwapo anapima INR. Akijibiwa ndiyo, asimpe dawa ya kunywa wala asimchanje, na amrudishe kituo cha afya. Kumrudisha mgonjwa huyo kunaonyesha umahiri wake.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe haraka kituo cha afya au hospitali, mchana au usiku, akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

– damu ya pua au ya fizi isiyokoma baada ya dakika 10 za kubana;
– mkojo mwekundu au wa rangi ya chai nzito;
– choo cheusi kama lami, au chenye damu;
– kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa;
– hedhi nzito kupita kawaida;
– mavilio makubwa ya damu chini ya ngozi bila kugongwa;
– maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au pigo lolote la kichwa;
– mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea upande mmoja;
– mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika.

Anayemsindikiza abebe kadi ya kliniki, vidonge vyote, na chupa, majani au gome la dawa ya mti iliyotumika. Daktari akijua chanzo, huokoa muda. Ipo tiba ya kupunguza nguvu ya warfarini, ikiwamo vitamini K, lakini hutolewa na mtaalamu. Familia isijaribu kumlisha mgonjwa mboga nyingi kama dawa ya dharura.

Utaratibu wa nyumbani

1. Kidonge kimezwe saa ileile kila siku, ikiwezekana jioni. Kikisahaulika na kukumbukwa siku hiyohiyo, kimezwe. Ikishakuwa kesho yake, dozi isirudufishwe.
2. Isomwe namba ya miligramu kwenye paketi, kwa kuwa rangi ya vidonge hubadilika kulingana na kiwanda.
3. Liwepo daftari dogo lenye tarehe, dozi, INR na kila dawa nyingine iliyotumika, ya mti au ya dukani.
4. Mwanamke anayetarajia kupata ujauzito, au aliyekosa hedhi, aonane na daktari mapema, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Asiache dawa mwenyewe.
5. Mtu mmoja zaidi nyumbani aijue dawa hii na sababu ya kuitumia, ili aweze kusema pale mgonjwa asipoweza.

Mwenye swali aonane na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chake au mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu. Wizara ya Afya pia hupokea simu bila malipo kupitia namba 199.

Maswali ya kujipima

Swali la 1: Mgonjwa ana INR ya 2.6 lakini fizi zinatoka damu tangu alipoanza kumeza kitunguu saumu kibichi kila asubuhi. Je, namba hiyo inatosha kumtuliza?
Jibu: Hapana. INR haipimi chembe sahani. Aende kituo cha afya na akitaje kitunguu saumu.

Swali la 2: Mama aliyewekewa valvu ya chuma ameambiwa na jirani kuwa unga wa mlonge unatosha, aache vidonge. Afanye nini?
Jibu: Aendelee na vidonge. Mlonge una vitamini K na unaweza kuishusha INR yake. Kuacha vidonge kunaweza kuifunga valvu.

Swali la 3: Dozi ya mzee ilipangwa wakati wa masika. Sasa ni Julai na mboga zimeadimika. Je, kuna jambo la kufanya hata kama anajisikia vizuri?
Jibu: Ndiyo. Akapime INR, kwa kuwa dozi ileile inaweza kuwa imemzidi nguvu, na kujisikia vizuri hakuionyeshi hatari hiyo mapema.